Mtoto mwenye tiki anastahili ushahidi kabla ya mashine

Huanza na macho. Mtoto wa miaka sita au saba anapepesa kope mfululizo, mama anadhani ni vumbi, anampeleka kupimwa macho na kuambiwa hayana kasoro. Baada ya miezi michache kupepesa kumekoma, sasa anavuta bega na kukunja uso. Kisha vinafuata vijisauti: kuguna, kuvuta kamasi ambazo hazipo, kusafisha koo lisilo na makohozi. Mwalimu anasema huo ni utovu wa nidhamu. Bibi anasema mtoto ana jambo lake, apelekwe kuombewa. Mtoto mwenyewe hasemi kitu. Anachojua ni kwamba kuna msukumo unaotoka ndani, na kwamba akiuzuia unazidi.

Hizo ndizo tiki: miendo na sauti fupi, za ghafla, zinazojirudia, ambazo mtu anaweza kuzibana kwa muda lakini hawezi kuzifuta. Zikiwapo za aina zote mbili, yaani miendo kadhaa na angalau sauti moja, zikadumu zaidi ya mwaka na ziwe zimeanza kabla ya miaka 18, madaktari huita hali hiyo ugonjwa wa Tourette, kwa jina la Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeandika habari za wagonjwa tisa mjini Paris mwaka 1885. Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya watoto 1,000 wa umri wa shule, watano hadi kumi wanao ugonjwa huu, na wavulana ni mara tatu hadi nne ya wasichana. Wengi wao hawatoi matusi ovyo kama filamu zinavyopenda kuonyesha. Wenye tiki za namna hiyo ni wachache.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa watafiti wamekuwa wakijaribu kutuliza tiki kwa kuusisimua ubongo: kwa sumaku inayowekwa juu ya kichwa, kwa umeme mdogo unaopitishwa mkononi, na kwa nyaya zinazopenyezwa hadi ndani ya ubongo wenyewe. Matumaini hayo sasa yameelekezwa pia kwa watoto na vijana. Mimi naunga mkono utafiti huo, ila kwa sharti moja: kila kifaa kishindanishwe na kifaa bandia, chenye sura ileile na mlio uleule lakini kisichofanya lolote, na mzazi asiuziwe kitu kabla ya matokeo ya shindano hilo kujulikana. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa ukatili kwa mtoto anayeteseka. Mimi naamini ndilo ngao yake kubwa kuliko zote, na historia ya utafiti wenyewe inanipa sababu.

Ugonjwa unaopanda na kushuka

Tiki hazitulii mahali pamoja. Hupanda kwa wiki kadhaa, hushuka, hubadili umbo, huhama kutoka machoni kwenda shingoni. Uchovu, wasiwasi na msisimko huzizidisha. Kazi inayomshughulisha mtoto kwa dhati, kama kupiga ala ya muziki au kucheza mpira, mara nyingi huzituliza. Na juu ya mabadiliko hayo ya kila mwezi kuna badiliko kubwa zaidi linaloletwa na umri. Mwaka 1998 James Leckman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha uchunguzi wa vijana waliofuatiliwa tangu utotoni. Ukali wa tiki ulifikia kilele karibu na umri wa miaka 10, kisha ukaanza kupungua, na kufikia miaka 18 karibu nusu yao walikuwa kama watu wasio na tiki kabisa.

Sasa tujiulize, mzazi humpeleka mtoto hospitali lini? Hampeleki wiki ambayo tiki zimelala. Humpeleka shingo ikianza kuuma kwa kutikiswa mara mia kwa siku, wenzake wakianza kumwigiza, barua ya mwalimu mkuu ikifika nyumbani. Kwa maneno mengine, humpeleka hali ikiwa kileleni. Chochote atakachopewa siku hiyo, kiwe dawa, sala au mashine, kuna uwezekano mkubwa kwamba baada ya miezi miwili tiki zitakuwa zimepungua. Anayetupa hirizi baharini maji yakiwa yamejaa pomoni, kisha yakipwa akadai hirizi ndiyo iliyoyatoa, hatukosi kumcheka. Lakini daktari mwenye nia njema anaweza kuingia katika kosa lilelile, na mzazi aliyechoka akamshukuru kwa machozi.

Ongeza hapo nguvu ya matumaini. Mtoto aliyezoea kukaripiwa anaingia katika chumba ambamo watu wazima wanamsikiliza, wanamuuliza anajisikiaje, wanamwekea kichwani chombo cha thamani kubwa na kumwambia kitamsaidia. Wasiwasi wake unashuka, na wasiwasi ukishuka tiki nazo hushuka. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila haikuletwa na mashine. Ndiyo sababu bila kifaa bandia cha kulinganishia hakuna binadamu, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kujua kipi kimefanya kazi.

Sumaku juu ya utosi

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba pigo fupi la sumaku linalopigwa nje ya fuvu linaweza kuamsha ubongo bila kisu na bila maumivu makubwa. Tangu hapo njia hiyo imeenea. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kutibu sonona kwa watu wazima mwaka 2008, na mwaka 2024 ikaruhusu mashine ya namna hiyo itumike kwa vijana wenye sonona kuanzia umri wa miaka 15. Kwa tiki, bado ni suala la utafiti.

Kikao chenyewe huenda hivi. Kijana anakaa kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Anavaa vizibo vya masikio, kwa kuwa mashine ina mlio mkali wa kugonga. Mhudumu anampima kichwa kwa tepu, kutoka kati ya nyusi hadi kisogoni, na kuweka alama. Kisha anaegesha juu ya kichwa koili mbili zilizofunikwa kwa plastiki, zenye umbo la nane. Kwanza hutafuta mahali ambapo pigo moja linakifanya kidole gumba kiruke chenyewe, ili apate kujua kichwa hiki kinahitaji nguvu kiasi gani. Kijana anatazama gumba lake likiruka bila yeye kuliamuru. Kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa ukiruka bila idhini yake tangu darasa la kwanza, hilo si jambo geni sana. Baada ya hapo koili inasogezwa hadi katikati ya kichwa, juu ya sehemu ya gamba la ubongo inayoandaa miendo kabla haijatendeka. Mapigo yanaanza, moja kila sekunde, dakika baada ya dakika.

Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu. Ndani kabisa ya ubongo kuna vifundo vya seli vinavyochuja miendo: upi uruhusiwe, upi uzuiwe. Vifundo hivyo huwasiliana na thalamasi, kituo cha kupitishia habari ndani ya ubongo, na thalamasi huwasiliana na gamba la mbele, katika mzunguko usiokatika. Kwa mwenye tiki uchujaji huo umelegea, na sehemu ya gamba inayoandaa miendo huonekana kuchangamka kabla tu ya tiki kutokea. Mapigo ya polepole, moja kwa sekunde, hutuliza sehemu yanapopiga. Kwa hiyo wazo ni rahisi: punguza uchangamfu wa eneo hilo, msukumo upungue, tiki zipungue.

Majaribio ya mwanzo yalileta furaha. Korea Kusini mwaka 2011 walitibiwa wavulana 10, na China mwaka 2013 watoto 25, na katika majaribio yote mawili tiki zilipungua. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa na mashine bandia. Kila mtoto alijua anatibiwa, na kila mpimaji alijua pia.

Mashine bandia ilipoletwa, picha ilibadilika. Mwaka 2014 Steve Wu, Donald Gilbert na wenzao mjini Cincinnati, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watoto na vijana 12, baadhi yao wakipata sumaku ya kweli na wengine ya bandia. Tiki zilipungua kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2015 kikajitokeza kisa kama hicho kwa watu wazima 20 wenye ugonjwa mkali: waliopata sumaku ya kweli walipata nafuu ya asilimia 17.3, na waliopata ya bandia asilimia 13.2, pengo dogo mno kwa kundi la watu wachache kiasi hicho. Kama si mashine bandia, wote hao wangehesabiwa kuwa ushindi wa sumaku.

Hata hivyo jaribio la Cincinnati lilikuwa na jambo jingine, na ndilo linalonifanya nisitamani utafiti huu ufungwe. Picha za ubongo zilionyesha kwamba kwa waliopata sumaku ya kweli, shughuli katika maeneo ya mwendo ilipungua kweli. Sumaku ilifika ilikolengwa na kufanya ilichotumwa. Tiki ndizo hazikufuata. Mtafiti mwaminifu akiona hivyo hujiuliza maswali mapya: je, siku chache hazitoshi? Je, kutuliza eneo hilo pekee hakutoshi mpaka mtoto afundishwe kitu cha kufanya wakati ubongo umetulia? Maswali hayo yalizaliwa kwa sababu jaribio lilikuwa la haki. Jaribio lisilo na ulinganisho lingetupa shangwe tu na kutuacha hatujui tofauti kati ya ubongo kubadilika na mtoto kupona.

Umeme wa mkononi

Kisa cha pili kinaanzia Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Stephen Jackson na wenzake walifikiri kwamba hakuna haja ya kugusa kichwa. Kwenye kifundo cha mkono unapita mshipa wa fahamu unaopeleka habari moja kwa moja kwenye maeneo ya ubongo yanayohusika na mwendo na hisia. Ukiupigapiga mshipa huo kwa umeme mdogo wenye mdundo maalumu, walisema, ubongo utaufuata mdundo huo, na mdundo huo ni ule unaoonekana mtu anapojizuia kutenda. Mwaka 2020 walichapisha jaribio la watu 19 lililoonyesha tiki na msukumo wake vikipungua wakati umeme unapita. Picha za video za vijana waliotulia mbele ya kamera zilienea, na nani angewalaumu wazazi kwa kutaka kifaa hicho kesho yake?

Nottingham hawakuishia hapo, na kwa hilo wanastahili sifa. Walitengeneza kifaa cha kuvaa mkononi kama saa na kukifanyia jaribio la nyumbani kwa watu 121 wa Uingereza, kuanzia umri wa miaka 12, lililochapishwa mwaka 2023. Kundi moja lilipata umeme wa kweli, jingine wa bandia, la tatu likaendelea na maisha ya kawaida. Kila mtumiaji alikivaa dakika 15 kwa siku kwa muda wa wiki nne. Kwa waliopata umeme wa kweli, tiki zilipungua kwa wastani wa zaidi ya robo wakati kifaa kikifanya kazi, nafuu iliyozidi ile ya kundi la bandia.

Mwaka huohuo, mjini St. Louis, Marekani, Ann Iverson, Kevin Black na wenzao walilijaribu wazo lilelile kwa watu 32, mdogo wao akiwa na miaka 15. Walipiga mshipa uleule kwa namna mbili, kwa mdundo na bila mdundo, na watazamaji wa video hawakujua ipi ni ipi. Tiki zilipungua kwa namna zote mbili. Umeme ulipozimwa, nafuu nayo ikaondoka. Maana yake ni kwamba huenda kupigapiga mshipa kunasaidia, lakini maelezo mazuri kuhusu mdundo wa ubongo hayakusimama.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda mtoto akiwa ndani yake. Kundi moja linatoa wazo, linalijaribu kwa haki. Kundi jingine, mbali na hapo, linalikagua na kung'oa sehemu isiyosimama. Kilichobaki ni kidogo kuliko kilichotangazwa mwanzoni, lakini ni kitu unachoweza kukishika mkononi. Kifaa salama, kisichoingia mwilini, kinachoweza kumpunguzia kijana tiki kwa muda anaoutaka, kwa mfano wakati wa mtihani au wa ibada, si jambo dogo. Ila ni kitu tofauti na tiba, na mzazi ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kabla ya kufungua pochi.

Nyaya ndani ya ubongo

Kuna watoto wachache ambao maneno yangu yote ya subira yanaweza kuwaudhi. Ni wale ambao shingo hutikisika kwa nguvu kiasi cha kuhatarisha uti wa mgongo, wanaojipiga, wasioweza kula wala kulala, na ambao dawa zote zimeshindwa. Kwao kuna njia nzito zaidi: daktari wa upasuaji hutoboa fuvu na kupenyeza elektrodi hadi kwenye thalamasi au kifundo kilicho jirani nayo, kisha betri iliyozikwa chini ya ngozi ya kifua hupeleka umeme usiku na mchana. Kwa ugonjwa wa Tourette upasuaji huo wa kusisimua ubongo ulielezwa kwanza na madaktari wa Uholanzi mwaka 1999, kwa mgonjwa mmoja mtu mzima.

Rejista ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2018, yenye wagonjwa 185 kutoka nchi 10, ilionyesha ukali wa tiki kupungua kwa wastani wa asilimia 45.1 baada ya mwaka mmoja. Ni nafuu kubwa. Lakini zaidi ya theluthi ya wagonjwa hao walipata madhara ya namna fulani, kuanzia ganzi na ulimi mzito hadi, kwa wachache, kutokwa damu ndani ya fuvu. Na hapa pia ulinganisho umetuonya tusiwe na haraka. Jaribio la London la mwaka 2015 liliona nafuu ilipolinganishwa na betri iliyozimwa. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2017 halikuona tofauti ya maana kati ya betri iliyowashwa na iliyozimwa katika miezi mitatu ya ulinganisho.

Miongozo ya mwaka 2006 ilitaka mgonjwa awe ametimiza miaka 25, kwa hoja kwamba ugonjwa unaweza kupungua wenyewe. Mwaka 2015 ukomo huo mkali wa umri ulilegezwa, kwa sharti kwamba anapohusika aliye chini ya miaka 18, kamati ya maadili ishirikishwe. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kumwacha kijana wa miaka 16 aumie uti wa mgongo kwa kuwa hajafikisha umri fulani ni kosa. Na kumtoboa fuvu mtoto wa miaka 11 ambaye pengine miaka mitano baadaye angekuwa ametulia ni kosa pia. Umri peke yake hauamui. Kinachoamua ni ukubwa wa hatari aliyomo leo, na kama njia nyepesi zimejaribiwa kwelikweli.

Kilichopo tayari na hakiwafikii

Na njia nyepesi ipo. Mwaka 2010 John Piacentini na wenzake walichapisha jaribio la watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, ambamo baadhi yao walifundishwa namna ya kuutambua msukumo unapokuja na kuujibu kwa mwendo mwingine unaouzuia: anayevuta bega ajifunze kulikandamiza chini taratibu, anayeguna ajifunze kupumua polepole kwa pua mpaka msukumo upite. Baada ya wiki 10, asilimia 52.5 ya waliofundishwa walipata nafuu ya wazi, wakati kwa waliopata ushauri na maelezo tu ilikuwa asilimia 18.5. Jaribio hilo pia lilikuwa la ulinganisho, na ndiyo maana leo miongozo ya Marekani na Ulaya huweka mafunzo hayo mbele ya dawa na mbele ya mashine yoyote.

Tatizo ni kwamba wakufunzi ni wachache, hata katika nchi tajiri. Ndiyo maana lilinifurahisha jaribio la Uingereza lililoongozwa na Chris Hollis na kuchapishwa mwaka 2021, ambamo watoto 224 walifundishwa kupitia intaneti au kupewa elimu ya kawaida kwa njia hiyohiyo. Tiki zilipungua kwa asilimia 16 dhidi ya 6. Nafuu si kubwa, lakini gharama yake ni ndogo na inaweza kumfikia mtoto aliye mbali na bingwa.

Hapa ndipo ninapoona mwelekeo wenye maana kuliko yote katika utafiti wa kusisimua ubongo. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Christine Conelea na wenzake wamekuwa wakiunganisha sumaku na mafunzo haya kwa vijana: kwanza eneo la mwendo linatulizwa, kisha, likiwa bado limetulia, kijana anafanya kazi ya kujifunza kuuzuia msukumo. Mashine haiombwi imponye mtoto akiwa amekaa kimya kwenye kiti. Inaombwa imrahisishie kazi ambayo ataifanya mwenyewe na ambayo matunda yake atabaki nayo mashine ikishazimwa. Hilo ni swali linalostahili pesa za utafiti na linalostahili mashine bandia ya kulinganishia.

Aulizwe mwenyewe

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili nadhani lazima aulizwe. Mwaka 2003 watafiti wa Chicago walirudi kwa watu wazima waliokuwa wamerekodiwa kwa video wakiwa watoto na kuwarekodi tena. Karibu asilimia 90 walikuwa bado na tiki, wakiwamo wengi waliojiona wamepona kabisa. Kwa kamera walikuwa wagonjwa. Kwa maisha yao walikuwa watu wanaofanya kazi, wanaolea familia, wasio na habari na bega linaloruka mara mojamoja. Tim Howard, golikipa aliyedaka Manchester United na Everton, alikuwa na ugonjwa wa Tourette siku ile ya Julai 2014 alipookoa michomo 15 dhidi ya Ubelgiji katika Kombe la Dunia.

Kwa hiyo kuhesabu tiki pekee hakutoshi. Yuko mtoto mwenye tiki nyingi asiyesumbuliwa nazo, na yuko mwenye chache zinazomtia maumivu kila usiku. Wengi wana mzigo mwingine juu ya tiki: kutotulia na kushindwa kumakinika, au mawazo yanayowalazimisha kurudia jambo mpaka likae sawa, na mara nyingi mzigo huo ndio unaowatesa zaidi darasani. Ukimtuliza bega mtoto anayeteswa na mawazo, umemtibu anayemtazama. Utafiti wowote wa vijana unapaswa kumuuliza kijana mwenyewe, kabla na baada, kinachomsumbua ni nini na kama kimepungua. Na akisema hataki sumaku kichwani, hata kama wazazi wametia saini, neno lake lisimamishe kila kitu.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kusema haya. Takwimu za ugonjwa huu kusini mwa Sahara ni chache mno, kiasi kwamba Mary Robertson, bingwa wa London, aliandika mwaka 2008 kwamba ugonjwa huu huonekana karibu kila jamii isipokuwa kwa watu weusi wa eneo hili, ambako ripoti ni haba. Mimi siamini kwamba watoto wetu wamesalimika. Naamini wanaitwa watundu, wanaitwa wenye mapepo, na wanachapwa. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inakiruhusu kwa kanuni. Mtoto anayeadhibiwa kwa sauti asiyoweza kuizuia huingiwa na hofu, hofu huongeza tiki, na tiki huleta fimbo nyingine. Kuukata mzunguko huo hakuhitaji sumaku wala betri. Kunahitaji mwalimu aliyeelezwa kwa nusu saa tu kwamba mtoto hafanyi makusudi, amruhusu atoke nje apumue, na asiwaache wenzake wamwigize.

Mfa maji haachi kutapatapa, na vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kutuliza ubongo vitafika kwetu mapema kuliko mabingwa wa kuvisimamia. Mzazi atakayeonyeshwa kifaa cha namna hiyo aulize mambo matatu. Je, kimeshindanishwa na kifaa bandia, na kwa watoto wa umri wa mwanangu? Je, kundi jingine la watafiti, lisilo na hisa katika biashara hiyo, limepata matokeo yaleyale? Je, nafuu hubaki kikizimwa? Muuzaji akianza kusimulia habari za mtoto mmoja aliyepona badala ya kujibu, mzazi afunge mkoba wake.

Na mzazi akiniuliza afanye nini leo, jibu langu ni hili: mweleze mtoto kwamba hana kosa, nenda shuleni ukazungumze na mwalimu, tafuta mafunzo ya kuuzuia msukumo hata kama ni kwa intaneti, na kama kuna hatari ya kuumia nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu bila kuchelewa. Mtoto akialikwa kwenye utafiti wa haki na mwenyewe akataka, mruhusu, na usihuzunike akiangukia kwenye kundi la mashine bandia. Kazi atakayoifanya akiwa katika kundi hilo ndiyo itakayowaepusha watoto wengi baada yake na tiba isiyotibu.